Reli ya Kulia

Chimène Bulonza alijifunza kuchonga chuma huko Louisville, Marekani, katika kiwanda cha vipuri, baada ya kutoka Bukavu na watoto wake. Alipohamia Gahanna akaajiriwa na fundi silaha mmoja Mmarekani. Kanisani wanajua anatengeneza mashine, naye amewaacha wajue hivyo. Watu waliokimbia bunduki hawapendi kumwona mwenzao akizitia mafuta.

Asubuhi moja aliingia Mzee Gaudiosi, Mhaya aliyestaafu ualimu, na bastola ya kulengea shabaha aliyotengenezewa kwa oda enzi za ujana wake. Sasa ilikuwa ikicheza kama jino bovu. Alivuta kiti hadi kwenye meza ya kazi.

"Nitasubiri hapa hapa," alisema. "Nimesikia mafundi hubadilisha vipuri."

Chimène aliifungua bastola akatoa slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma na mbele juu ya reli mbili za fremu, kiunzi cha bastola. Akazipima reli. Ya kulia ilikuwa imelika vibaya, ya kushoto kidogo tu. Kisha akamulika ndani ya mtutu. Mistari yake, ile inayoacha alama kwenye risasi, ilikuwa mikali, kama ya mtutu uliopitisha risasi chache.

Hapo akaingiwa na wasiwasi. Fremu imechoka, mtutu mzima. Alijua kwamba mtu anayetaka kuficha alama za risasi zake hutupa mtutu akafunga mwingine.

"Bon, mzee, huu mtutu walibadilisha lini?"

"Haujawahi kubadilishwa."

"Na hii bastola, uliazimisha mtu?"

"Binti yangu, unaniuliza kama polisi."

"Ninauliza kama fundi, mzee."

Aligeuza mtutu akaona namba ndogo iliyogongwa chini yake, sawa na ile ya fremu. Bado hakuridhika, kwa kuwa namba nayo hugongwa upya. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba reli zilikuwa kavu kabisa, kana kwamba kuna mtu aliyezifuta makusudi. Akaifunga bastola, akahakikisha haina risasi, akampa mzee.

"Vuta slaidi, nione."

Mzee aliishika kwa mkono wa kulia, akavuta kwa wa kushoto. Mkono ule ulivuta kwa shida, mshazari, ukaikandamiza slaidi upande wa kulia.

"Huo mkono ulipata nini?"

Gaudiosi alitazama pembeni. "Kiharusi, mwaka juzi. Daktari aliniambia nizoeshe vidole. Basi nikitazama mpira naivuta, tupu, mpaka mechi iishe. Na mke wangu Leya hataki mafuta kwenye kochi, kwa hiyo naifuta."

"Kila mechi?"

"Hata za timu nisizozipenda." Ndiyo maana reli ililika bila mtutu kupitisha risasi.

Chimène aliweka kipande cha chuma kigumu chini ya reli iliyolika, akaigonga polepole kwa nyundo ndogo ili ishuke, kisha akaipunguza kwa tupa, akijaribisha slaidi kila mara. Mzee hakuondoka hata kwenda kula. Jioni slaidi ilipita laini, bila kucheza. Gaudiosi akasoma namba ya mtutu, kisha ya fremu, kuhakikisha zinafanana.

"Ulidhani nimeua mtu," alisema.

"Ndiyo, mzee."

Mzee aliivuta slaidi mara moja. "Mimi nilidhani utaniibia mtutu."

Chimène alimshauri atafute mpira mdogo wa kuminya kwa ajili ya vidole, akamtajia duka la jirani. Mzee akauliza kwa nini duka hilo hasa, na kama mwenye nalo ni ndugu yake.