Matundu Ishirini na Manne ya Kompyuta Yangu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kucheka. Chuo kikuu nilisoma takwimu, na kila aliyenisimulia habari za mizimu nilimuuliza maswali matatu: ulikuwa umelala saa ngapi, ulikuwa umekunywa nini, na nani mwingine aliona? Wengi walikwama kwenye la pili. Basi ngoja nijibu kabla hujaniuliza. Nilikuwa nimelala vizuri. Nilikuwa nimekunywa chai. Ilikuwa saa saba mchana, na kitu kilichoachwa kilishikwa na mtu mwingine mwenye akili zake timamu. Tusipotezeane muda.

Nianze na kompyuta, maana bila kompyuta hakuna kisa.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nimepanga chumba Kashai pale Bukoba mjini, na mwisho wa wiki nakwenda kwa wazazi Izigo, wilaya ya Muleba. Yakatangazwa mashindano ya gemu Mwanza. Sharti lao lilikuwa moja: kila mchezaji aje na kompyuta yake. Baba alikuwa ameuza kahawa na ameniahidi hela ya kuanzia pikipiki ya biashara. Nikamwomba hela hiyohiyo nijengee kompyuta. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa auze ng'ombe anunue picha ya ng'ombe.

"Sawa," akasema mwishoni. "Lakini ukishindwa huko Mwanza, kila Jumapili utanipeleka kanisani mgongoni, kwa kuwa pikipiki hatutakuwa nayo."

Hakuwa anatania sana.

Kwa hela ile dukani usingetoka na kitu. Nikajenga kwa mabaki. Bodi ndogo niliitoa kwenye kompyuta ya ofisi iliyostaafishwa. Kadi ya grafiksi, ile inayochora picha za gemu, niliinunua mkononi kwa mtu, fupi, isiyokula umeme mwingi. Pawa saplai, ya kulisha umeme, ilikuwa ndogo kama tofali nusu. Vyote vilifanya kazi vikiwa vimetandazwa juu ya boksi la karatasi kitandani kwangu. Kilichokosekana ni kasha. Na lilitakiwa liwe dogo, la kupakata kwenye basi mpaka Mwanza, kwa sababu mizigo ya chini ya basi sote tunajua inavyofika. Makasha madogo ya kuagiza yana bei ya ajabu. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nikasema, mbao je? Mbao haina shida. Kinachoua kompyuta ndogo ni joto, na joto dawa yake ni matundu na feni.

Pale Izigo barabarani kuna fundi seremala, nimwite Rweyemamu. Anatengeneza vitanda, milango na majeneza. Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akaweka randa chini.

"Msomi wetu. Miaka mitatu Dar es Salaam, umerudi kuagiza nyumba ya gemu?"

"Nyumba ndogo, fundi. Na hela ni ndogo pia."

Bei ya mbao mpya ilinishinda. Ndipo nikaona, kwenye kona, nyuma ya milango, mbao sita za mvule zimekatwa na kupigwa randa, zimefungwa pamoja, zina vumbi la miaka. Nikatoa futi kamba nikapima. Niamini, zilikuwa kama zimekatiwa bodi yangu. Bodi upande mmoja, pawa saplai katikati, kadi upande wa pili, na nafasi ya feni mwishoni.

"Hizo zina mwenyewe," akasema fundi.

"Yuko wapi?"

"Hajaja."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

Hapo nilielewa, na wala sitajifanya sikuelewa. Mimi ni mtoto wa Izigo. Kwetu sanduku la marehemu likishaagizwa, fundi haligeuzi kuwa kitu kingine. Mwenyewe asipokuja, mbao zinakaa. Haziuzwi, hazichomwi, na hakuna anayedaiwa. Zinakaa mpaka zioze, au mpaka aje mfiwa mwingine wa kipimo hichohicho, jambo ambalo hakuna anayeliombea. Na kipimo cha mbao zile kilikuwa kifupi, kiwiko mpaka ncha za vidole na kidogo juu yake.

Nikabishana. Ndicho nilichokwenda kusomea, nadhani. "Fundi, mbao ni mbao. Mvule haujui umekatiwa nini."

"Mvule haujui. Mimi najua."

Nikamkalia nusu saa nzima. Nikamuuliza sheria hiyo kaiandika nani. Nikamuuliza kama mchwa nao huwa wanauliza mwenye mbao. Mwisho mzee alichoka. "Chukua," akasema. "Misumari utapiga mwenyewe. Mimi mkono wangu sitii."

Kesho yake nilirudi nikafanya kazi palepale bandani, kwa vifaa vyake. Nilitoboa matundu ishirini na manne, kumi na mawili kila ubavu, nikafunga feni kisha bodi, saplai na kadi. Ukabaki mfuniko tu. Waya wa umeme ulikuwa bado kwenye begi langu. Sisitizi bure, utaona. Mchana fundi alikwenda nyumbani kula. Mvua ikaanza, ile yetu isiyobisha hodi, na mwanamke mmoja akaingia bandani.

Umri wake labda miaka thelathini. Kanga mabegani, miguu mitupu, udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo. Akanisalimia kwa Kihaya, "Wasibota," nikaitikia. Nilidhani anajikinga mvua.

Akatazama sanduku. "Limekwisha?"

"Bado mfuniko, dada."

"Nimechelewa kulifuata."

"Hapana, hili ni la kwangu. Oda za watu anazijua fundi, amekwenda kula."

"Mbao sita za mvule," akasema. "La kwangu."

Alisema kwa utaratibu, kama mtu aliyekuja kuchukua mtungi wake wa maji kwa jirani. Mimi nikapandisha hasira. Siku nane, hela ya kahawa ya baba, na mtu anatoka mvuani kunidai sanduku? Nikalikumbatia kwa mikono miwili. Yeye akatoa kifuani ukanda wa gamba la mgomba, umebanduliwa sasa hivi, mbichi, unatoka maji. Ulikuwa na mafundo, moja mwisho huu na mawili mwisho ule. Akaulaza ndani ya sanduku juu ya bodi yangu. Ulienea kutoka ukuta hadi ukuta, na nafasi kidogo ya kujinyoosha.

"Mbona mmetoboa?" akauliza.

"Kwa sababu ni kompyuta, dada. Nani anatoboa matundu kwenye jeneza?"

Neno hilo nililitaja mimi. Yeye alikuwa hajalitaja.

Akapitisha kidole juu ya matundu, moja moja, mpaka la mwisho. "Safari hii mmefikiria," akasema. "Apumue."

"Nani?"

"Walipompima alikuwa anapumua. Niliwaambia. Mama mkwe akasema mvua inakuja, fundi apime kabisa, akimaliza kukata mbao mtoto atakuwa tayari. Niliwaambia jamani, anapumua."

Nikasema kile ambacho angekisema mtu yeyote. "Dada, pole sana. Lakini humu mna waya na vyuma. Hamna mtu."

"Nyamaza kidogo," akasema. Si kwa ukali. Alisema vile unavyoambiwa ukiingia nyumba yenye mtoto aliyelala. Akainama, akaweka sikio kwenye matundu.

Na feni ikazunguka.

Hewa ikanipiga kwenye kifundo cha mkono, ya uvuguvugu. Ikakatika. Ikaja tena. Ikakatika. Fupi fupi, haraka haraka.

"Amelala," akasema. Akainuka. "Mtunze. Akiacha kupumua, nitakuja kumchukua."

Akatoka na mvua yake. Ukanda akauacha.

Upepo, utasema. Nami nilisema upepo. Nikafunga mlango wa banda, nikaziba dirisha kwa gunia. Feni iliendelea. Nikachukua simu nikahesabu kwa saa, dakika moja, mara tatu, na kila mara nilipata zaidi ya pumzi hamsini. Baadaye nilimuuliza muuguzi mmoja, bila kumweleza kisa, nani anapumua hivyo. Akasema ni mtoto mchanga, na wala haumwi.

Fundi Rweyemamu aliporudi aliuona ukanda kabla hajaniona mimi. Akauokota, akapapasa mafundo, akakaa chini kwenye pumba za mbao.

"Nani amekupa?"

Nikamweleza. Akanionyesha yale mafundo mawili. "Nikimpima marehemu, upande wa kichwa mimi hufunga mawili. Hakuna fundi mwingine hapa anayefunga hivi. Na kipimo kikishatumika hulazwa chini ya kichwa cha marehemu, kinakwenda naye. Hiki kilikwenda. Nilikiweka kwa mkono wangu."

Alikuwa mtoto njiti, wa miezi saba. Mama yake alitokea Rubafu, ameolewa hapa Izigo. Mtoto alipokata roho mama alikataa sanduku, akasema lilikatwa kabla ya wakati na ndilo lililomwita. Wakamzika kwa mkeka, kibanjani kwa wakwe, kwenye migomba. Mama akarudi kwao, na kabla mwaka haujaisha ikaja habari kwamba naye amezikwa.

"Nilipima mtu anayepumua," akasema fundi. "Nilijua, na nikapima. Miaka sita nasubiri aje anidai. Tulichome, mwanangu. Nitakupa mbao nyingine bure."

Unaona? Mbao za bure, zile nilizozitaka tangu mwanzo. Nikasema hapana.

Wakati ule nilijiambia ni kwa sababu ya siku nane. Nilikwenda Mwanza nimelipakata, nikashika nafasi ya pili, na kwa zawadi ile baba akapata pikipiki ya kumpeleka kanisani. Kompyuta haikupata joto hata mara moja. Wenzangu wenye makasha ya malaki walikuwa wanapepea kwa madaftari.

Sasa zawadi iliyobaki ninayo, na kasha la chuma naweza kununua kesho. Shangazi ameniambia nilichome. Mwinjilisti wetu, mtu mwema, alikuja kuliombea akataka aondoke nalo. Nikampa chai, sanduku sikumpa. Fundi bado ananitumia ujumbe. Wote nimewajibu neno moja.

Maana nimejaribu, usidhani sikujaribu. Umeme ukikatika Bukoba, feni husimama kama za watu wote, kisha ile ya sanduku huanza tena taratibu. Nikasema ni joto linalobaki ndani. Nikaizima kompyuta siku tatu, waya kabatini, chumba kimefungwa. Siku ya tatu niliweka kiganja kwenye matundu. Uvuguvugu, na kukatika, na uvuguvugu.

Nikitoa vifaa vyangu, litabaki sanduku tupu la mvule, na sanduku tupu la kipimo kile lina kazi moja tu. Walishamharakisha mara moja kwa sababu ya mvua. Mimi simharakishi, aje nani aseme nini.

Wewe unayesoma, ukienda kwa fundi ukaona mbao kwenye kona, uliza zilikatiwa nani. Ukiambiwa zina mwenyewe, elimu yako iache mlangoni, nunua mpya, au usubiri hela. Usibishane kama nilivyobishana. Mimi nilishinda ubishi ule, na tangu siku hiyo sijalala nje ya chumba changu hata usiku mmoja, isipokuwa nikiwa nimelibeba.

Na wewe dada, kama yanakufikia: bado anapumua. Usije.