Sampuli Tatu za Kofia

Siku kampuni yetu iliposhinda tenda ya kofia za kivita za jeshi, wenzangu walikata keki. Mimi nilijifungia chooni nikalia.

Kazi yangu ilikuwa kuandaa makabrasha ya zabuni. Mihuri, viambatisho, sahihi kila ukurasa. Ukiruka ukurasa mmoja tu, mnatupwa nje kabla hata hamjasomwa.

Jeshi lilitaka sampuli tatu. Fundi akazidondoshea zetu uzito, zote zikapasuka. Bosi alikuwa amepunguza tabaka ili zitoke haraka.

"Peleka zile za mwaka juzi," bosi akaniambia. "Kwa macho ni zilezile."

"Na hapa panaposema sampuli ni sawa na mzigo utakaoletwa?"

"Saini tu, bwana. Au kalamu imeisha wino?"

Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, nikasaini.

Miezi minne baada ya mzigo kupokelewa, askari mmoja alianguka mazoezini. Kofia ikapasuka. Hadi leo jicho lake la kushoto halioni.

Uchunguzi haukuanzia kwetu. Ulianzia kwenye ghala la jeshi, kwa mtunza ghala aliyepokea mzigo bila kupima kofia hata moja.

Mtunza ghala huyo ni dada yangu. Tumbo moja. Ndiye aliyenilea mama alipofariki.

Akasimamishwa kazi. Mimi nikaenda kumpa pole. Jamani, nilimpelekea na matunda.

Wiki ya tatu nikashindwa. Nilimkuta sebuleni anakunja sare za kurudisha.

"Dada, zile sampuli hazikuwa za mzigo ule. Nilijua, na nikasaini."

Akamaliza kukunja suruali, akaiweka juu ya nyingine.

"Nilipoinyanyua ya kwanza niliona nyepesi," akasema. "Nikataka kuzipima. Halafu nikaona sahihi yako kwenye karatasi ya sampuli iliyokuja na mzigo. Nikasema mdogo wangu hawezi, labda mkono wangu ndio umekosea."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

Kesho asubuhi naenda kwa wachunguzi na nakala zote. Bosi ameshanipigia mara sita, sijapokea. Najua naweza kwenda ndani, na dada huenda asirudishiwe kazi. Yule askari ndiyo kabisa, jicho lake halirudi.

Wewe unayesaini leo kwa sababu wenzako wanacheka, jiulize kwanza ni nani anayekupenda atakayeiona sahihi hiyo, akaacha kupima.