Dawa ya Seli Kaidi

Nyumbani wanamwita Baba Chupa. Maabarani analea seli za tumbaku chupani. Huzipa sukari, chumvi na homoni, nazo huvimba zikawa donge la rangi ya nta. Ukizinyima homoni, zile za adabu hudumaa. Lakini ziko nyingine kaidi: nyima usinyime, zinanenepa tu, kama wakubwa fulani wa ofisini ambao hakuna ajuaye wanalishwa na nani.

Alitakiwa atafute dawa ya kuzikomesha kaidi bila kuzidhuru za adabu. Akiipata, ukuu wa maabara ni wake. Ukaimu ameushika tangu kitinda mimba wake hajaota meno. Sasa kijana ananyoa ndevu.

Siku alipotia dawa moja na seli kaidi zikaacha kukua, hata hajazigeukia za adabu, Mkurugenzi alikwisha kuagiza bango na kuita waandishi wa habari.

“Hiyo dawa mnaitiaje?” shemeji yake, fundi wa kupaka rangi, alimuuliza wakila.

“Kwa maji haiyeyuki. Tunaiyeyusha kwa spiriti.”

“Ah, shemeji! Hata mimi ukinitosa kwenye spiriti nitaacha kukua.”

Wote wakaangua kicheko. Baba Chupa akarudisha tonge sahanini. Hakuwa ametenga hata chupa moja ya spiriti tupu ya kulinganishia.

Akaitenga. Spiriti peke yake ikaua kaidi, ikaua na za adabu.

“Mzee, dawa si dawa,” alimwambia Mkurugenzi. “Ni spiriti. Zimekufa zote.”

“Kaidi zimekoma, hazikukoma?”

“Zimekufa, mzee.”

“Basi zimekoma. Mwanangu, ukuu unautaka huutaki?”

Aliutaka, tena sana. Siku ya sherehe alisimama chini ya bango, akayasema yote mbele ya waandishi. Mkurugenzi akamnyang’anya kipaza sauti.

“Mmesikia wenyewe! Taasisi yetu imegundua dawa ya pili, tena rahisi: spiriti!”

Makofi yakarindima. Ukuu akapewa papo hapo karani aliyetangulia kupiga makofi.

“Umepata?” mkewe alimpokea mlangoni.

“Nimesema kweli, mama. Nimebaki kaimu.”

“Kaimu wa nani, baba, na mkuu keshapatikana?”

Hilo hakuwa amelifikiria. Akaketi kizingitini, akavua viatu, akacheka hadi machozi yakamtoka.