Gae Lililotoka Eringeti

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mikaratusi ya Butembo, mashariki mwa Kongo, na Joyeuse Kavira amepiga magoti nyuma ya karakana ya ufinyanzi ya chuo chao cha sanaa. Mbele yake kuna jiwe bapa. Juu ya jiwe kuna gae, kipande cha shingo ya chungu, cheusi kwa moshi wa miaka mingi. Mkononi ameshika jiwe jingine, dogo. Ameliinua, ameliteremsha, ameliinua tena.

"Mi nasukaka batu nywele tangu niko mutoto, mukono yangu haikatalaka kazi," anasema. "Mais angalia leo."

Jiwe linabaki hewani.

Joyeuse, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, yuko mwaka wa pili wa masomo ya ufinyanzi. Jumamosi husuka nywele sokoni, kichwa kimoja faranga elfu tano, wateja wakipatikana. Siku nyingine hushinda kwenye udongo. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na yeye anakiri kwamba alichelewa. Alizaliwa katika ukoo wa wafinyanzi huko Eringeti, lakini utotoni alikimbia matope.

"Nilikuwa nasikia haya," anasema. "Kwa barafiki kulikuwa masufuria ya kung'aa. Kwetu byungu tu."

Udongo wa mabonde ya Butembo unafaa sana kwa matofali, ila ukifinyangwa chungu chembamba hupasuka motoni. Dawa yake ni kusaga udongo uliokwisha kuungua na kuuchanganya na ule mbichi, upate kushikamana. Mwalimu wao, Phinées Kitsa, huwaagiza wanafunzi waponde matofali mabovu.

Katika ukoo wa Joyeuse tofali halikuingia chunguni kamwe. Chungu kilipovunjika, kilisagwa, na unga wake ukaingia katika chungu kilichofuata. Hivyo kila chungu kilibeba ndani yake kile cha mama, na cha bibi, na cha wengine ambao hata majina yao yamesahaulika.

Kisha vita vikafika Eringeti, ikaja siku ya kukimbia. Mama yake, Mama Kahongya, aliondoka Eringeti na chungu cha maharagwe kichwani, kazi ya mikono ya mama yake mzazi. Kikamponyoka njiani. Aliinama mara moja tu, akaokota alichoweza, akaendelea. Bibi, ambaye miguu haikumruhusu kukimbia, alibaki. Baadaye walisikia kwamba amezikwa, lakini hakuna aliyewaonyesha kaburi.

"Batu balibeba magodoro, balibeba mbuzi," anasimulia Mama Kahongya, ambaye sasa anauza lengalenga, mboga za mchicha, hapa Butembo. "Miye nikafika Beni na kipande ya chungu. Balinicheka mpaka balichoka."

Mfinyanzi hulia gaeni, husema Waswahili, lakini gae lake halikutosha hata tonge moja la ugali.

Gae hilo alimpa binti yake siku alipoanza chuo. Hakueleza neno, kwani aliona jambo lenyewe liko wazi. Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama.

Joyeuse alilipenda mno. Alilifunga kwenye kitenge, akaendelea kuponda matofali kama wenzake. Mwezi uliopita, chuo kilipofanya maonyesho, alilitandikia kitambaa cheupe, akaliwekea kioo juu na kadi yenye jina la bibi. Wageni walilizunguka kulitazama, na mwalimu alimsifu. Mama Kahongya alikuja amevaa nguo zake za kanisani, akatazama, akageuka, akatoka bila kuaga.

Joyeuse alimfuata hadi nje ya lango.

"Donc basi mama yangu umemuzika tena," mama alimwambia. "Mbele ya bageni."

"Mais mama, ni juu ya heshima!"

"Heshima gani? Chungu ya kulala chini ya kioo inapikia nani? Sikukupatia uilinde. Nilikupatia utumike nayo."

Siku kadhaa zilipita hawasemezani, na si rahisi kununiana na mtu mnayelala naye chumba kimoja.

Ndiyo maana leo ameshika jiwe. Anajua anachohatarisha: gae likishasagwa halirudi, na vyungu vyake viwili vya kwanza vyote vilipasuka tanurini.

"Kama hii nayo inapasuka," anasema akimfikiria bibi yake, "sitabakia na kitu ya koko wangu hata moja."

Anapiga. Gae linavunjika kwa sauti kavu. Ndani, chini ya ule weusi, ni jekundu, na katika wekundu huo mna chembe za rangi nyingine, za kijivu na nyeupe. Joyeuse anaziinamia kwa muda mrefu.

"Koko naye alipondaka ya mama yake," anasema, na analia waziwazi. Kisha anaendelea kusaga.

Unga unachanganywa na udongo mbichi, chungu kinafinyangwa na kuachwa kikauke, na Jumamosi jioni tanuri linawashwa kwa kuni za mkaratusi. Jumatatu, likifunguliwa, chungu cha Joyeuse kina ufa kutoka mdomoni hadi tumboni. Anapokiinua kinaachana mikononi mwake, na vipande vinaanguka sakafuni. Phinées anamweleza kwamba kosa ni la moto, ulipandishwa haraka mno, lakini maneno hayo hayamfikii. Anachukua simu.

"Mama, imepasuka."

Mama Kahongya anamwachia jirani lengalenga zake na kuja kwa miguu. Anaokota kipande, anakigonga kwa kucha, anasikiliza.

"Imeiva muzuri," anasema.

Anafungua kitenge alichojifunga, anakitandika sakafuni, na kuanza kukusanya kipande kimoja kimoja, hata vile vidogo.

"Unalia nini? Eringeti nilitoka na kipande moja. Angalia hii yote."

Joyeuse anafuta macho, anapiga magoti kando yake. Wanakubaliana papo hapo: chungu kingine kitafinyangwa kwa unga wa vipande hivi, na safari hii moto utapandishwa polepole. Vipande viwili vikubwa havitasagwa Butembo. Vitawekwa kusubiri udongo wa Eringeti, siku barabara ya kurudi huko itakapotulia.

Mama anafunga kitenge fundo, anakipima uzito kwa mkono.

"Sasa," anasema, "ile jiwe yako iko wapi?"