Mbegu za Mtaro wa Ngara

Katika mvua ya masika ya mwaka 1961, Waithera akiwa na miaka tisa, mama yake alimkanya asikisugue kibuyu cha uji hadi ndani kabisa. Chini palipaswa kubaki uji wa jana, mkali, wenye kunuka, wa kuchachushia uji mpya.

"Hiyo ni mbegu," mama alisema. "Ukiiosha, kesho tutakunywa maji ya unga."

Neno hilo lilimrudia ukubwani, katika maabara ndogo kule Uthiru alikokuwa fundi. Daktari Naliaka alikuwa amepata bakteria kwenye udongo wa mtaro uliopita nyuma ya kibanda cha chipsi cha Awiti, Ngara, udongo ulioloa mafuta kwa miaka mingi. Walipolishwa mafuta yaliyochoka kwa kukaangia, bakteria hao walijiwekea akiba mwilini. Akiba hiyo ikitolewa na kukaushwa ilikuwa plastiki nyembamba, yenye kuoza shambani kama jani. Maji waliyokaa ndani yake yaliumuka povu la sabuni waliyojitengenezea ili kuyavunja mafuta.

Mwaka 2005 ufadhili ulikatika, na Naliaka akaenda ng'ambo kusoma. Angerudi Septemba, baada ya miaka miwili.

"Wasife kabla sijarudi, Mama," alimwomba Waithera akiaga.

"Nenda, mwanangu. Utawakuta."

Wenzake Waithera maabarani walihamishwa mmoja mmoja, na meza zikawafuata. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, Waithera aliwahamishia bakteria kwenye chakula kipya kwa ncha ya waya, akiwasalimu kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kusalimiwa. Kwenye chupa aliandika: MBEGU. USITUPE.

Agosti 2007 alikwenda kumzika dada yake, mtu wa mwisho aliyemwita kwa jina la utotoni. Aliporudi baada ya siku tisa, friji ya maabara ilikuwa tupu. Chupa zote zilining'inia ndani ya kiondo juu ya jiko, katika kibanda cha Ndungu, mlinzi wa lango.

"Ndungu, umezitoa kwa nini?"

"Si umeandika ni mbegu, Mama? Zilikuwa na maji maji, zingeoza kwa friji. Kwetu mbegu inakaa juu ya moshi." Akatabasamu. "Hata panya hajaonja."

Chakula kilikuwa kimekauka ndani ya kila chupa kama ganda la kitunguu.

"Umezitunza vizuri," Waithera alimwambia, maana alikuwa amezitunza.

Kwa siku tatu alijaribu kuwalisha. Mafuta yalilala juu ya maji, yametulia, bila tone la povu. Alianza barua, "Mpendwa Naliaka," akakaa nayo mpaka chai ikapoa. Kisha akaikunja na kwenda Ngara.

"Mama wa mafuta!" Awiti alimwita. "Nilidhani umepata mwingine. Iko ile nyeusi kabisa, nimekuwekea."

"Leo sitaki mafuta. Nimefuata matope ya mtaro."

"Matope?" Awiti akaangua kicheko. "Beba hata mtaro wote, Mama. Nitakufungia na kachumbari."

Waithera naye akacheka kidogo, kisha akapiga magoti pale nyuma, na kijiko chake cha chai.

Kitabu cha lango la Uthiru kinaonyesha kwamba Alhamisi, tarehe 30 Agosti 2007, aliingia saa tisa na dakika kumi alasiri, akiwa peke yake. Penye nafasi ya mzigo aliandika: udongo, vijiko vinne.