Nilikata sauti ya babu, na baba mdogo ndiye anayelaumiwa

Naomba jina langu lifichwe kabisa, kwa sababu tanti yangu naye husoma ukurasa huu.

Nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa tano wa sekondari, mchepuo wa informatiki, yaani kompyuta, hapa Goma. Ninakaa Katoyi kwa tanti, dada wa baba, aliyenilea tangu mama alipofariki.

Kabla ya kufa, babu alieleza kwenye simu ya tanti jinsi shamba lake la Kibumba litakavyogawanywa. Sauti hiyo iliyorekodiwa haikuwa na kopi. Baba mdogo aliazima simu, akaenda nayo Rutshuru siku tatu. Iliporudi, sauti ilikataa kufunguka. Tanti akaniita.

"Si uko mutoto wa informatiki? Tengeneza."

Niliweka kadi ya kumbukumbu ya simu kwenye kompyuta niliyoazimwa na shule, nikaitazama faili kwa xxd, amri inayoonyesha baiti, yaani chembe za data za faili, moja moja. Zile za mwanzo zilikuwa sufuri tupu. Nilifurahi: mwanzo tu ndio ulioharibika, sauti yenyewe bado ilikuwemo! Nikachukua baiti sahihi kutoka sauti nyingine ya simu hiyohiyo, nikaziandika mahali pa zile sufuri kwa dd, amri ya kunakili. Lakini nilisahau neno moja, notrunc, linaloiambia dd: andika hapa tu, yanayofuata yaache. Faili yote ikakatwa. Zikabaki baiti kumi na mbili.

Mwalimu hutuambia kila mara: kopi kwanza. Sikufanya, kwa sababu tanti alikuwa amekaa pale akichambua maharagwe na nilitaka anione nikiiponya.

"Imepona?"

"Tanti, haina kitu ndani."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini ilikuwa nusu tu ya kweli.

Siku hiyohiyo baba mdogo aliitwa.

"Njo wewe ulifuta, si mwingine!" tanti alipiga kelele. "Uliogopa muzee alisema nini?"

"Dada, Mungu ananiona. Nilipiga simu tu."

"Mwongo! Mutoto ameangalia, iko bule, haina kitu!"

Baba mdogo akanigeukia. "Mutoto yangu, sema basi. Mashine inaonyesha ni mimi?"

Nikatazama maharagwe.

Tangu hapo haji tena kwetu. Ndugu wanasema hastahili hata mstari mmoja wa viazi Kibumba.

Nilimuuliza mwalimu, nikijifanya ni swali la somo. Akasema kilichokatwa hivyo mara nyingi bado kimo ndani ya kadi, mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Nilikaribia kulia kwa furaha. Kisha nikakumbuka kwamba kadi imerudi kwenye simu ya tanti, simu isiyomtoka mkononi, na Jumapili hii kuna ubatizo wa mtoto wa binamu yangu. Tanti ndiye atakayepiga picha. Kila picha inaweza kukaa juu ya sauti ya babu.

Nikiomba kadi, ataniuliza kwa nini. Nikisema, naogopa atanifukuza, na sina kwingine. Nikinyamaza, baba mdogo atabaki mwizi maisha yake yote.

Leo ni Alhamisi. Wakubwa wangu, nishaurini: nianze kwa tanti au kwa baba mdogo? Na wewe mama unayesoma, kama ungekuwa tanti yangu, nikuambie neno gani kwanza ili unipe kadi kabla hujakasirika?