Chai ya Tope Siku ya Posa

Nakumbuka siku niliyowanywesha wakwe zangu tope, mwanangu, na ndiyo maana nimekuita uketi kidogo kabla hujaenda Muleba na huo mradi wenu wa kusafisha maji kwa udongo.

Kisima chetu pale Kanazi kilikuwa na maji ya kutu. Ukiyapikia chai, inageuka nyeusi kama wino. Shangazi yangu, Kokushubira, alikuwa na dawa yake. Alikanda udongo wa bondeni, akafinyanga vidonge vidogo kama buni, akavichoma tangu asubuhi hadi jioni, kisha akavijaza kwenye ndoo iliyotobolewa chini. Maji yakipita humo yanatoka safi, tunachemsha, tunakunywa.

Basi wageni wa posa wakawa wanakuja kutoka Buganguzi. Shangazi akaniachia vidonge vipya nivichome. Mimi, msomi wa kidato cha nne, nikaona kuni za siku nzima ni za nini? Nikavianika juani, vilipokauka nikavitia kwenye ndoo, nikaenda kusuka nywele.

Wageni walipofika, maziwa yaliificha rangi ya chai. Baba wa mchumba wangu akapiga funda moja, halafu, mwanangu, akatafuna.

“Waitu, wenzetu,” akauliza kwa heshima zote, “hii ni ya kunywa au ya kusiriba nyumba?”

Mchumba wangu, maskini, alikwishamaliza kikombe. “Ni tamu,” akasema, meno yote ya kahawia.

Shangazi akanivuta jikoni. “Ulivichoma?”

“Nilivianika, shangazi.”

“Jua si tanuri, mtoto wewe! Udongo mbichi ukilowa unarudi tope. Ni moto unaoufanya ushike kutu bila kuyeyuka. Nenda ukawaambie.”

Nilipiga magoti mbele yao nikakiri uvivu wangu, nikijua posa imekwisha. Kisha mama mkwe akacheka hadi akafuta machozi. “Tunamchukua,” akasema. “Ila chai atapika mwanangu.”

Na hadi leo mzee wangu ndiye mpika chai.

Kwa hiyo, mwanangu, usiruke hatua kwa sababu umesoma. Choma udongo uive, uoshe, maji yapeleke yakapimwe, kisha uyaonje wewe kwanza. Ukikosea, sema kabla watu hawajamaliza kikombe. Mungu akutangulie, aibariki mikono yako, na kila nyumba utakayoingia ikukumbuke kwa wema.